Simu inaweka nyota kando ya ilipo: nianze kurekebisha wapi?

UpeoWaMacho

Wakuu, naomba msaada kuhusu hizi programu za kutafutia nyota kwa simu. Ninayotumia ni Sky Map, simu ni Android yenye GPS, dira na jairoskopu (kitambuzi cha kugeuka kwa simu). Matatizo ni matatu.

Kwanza, nikiielekeza simu kwenye Shira, yaani Sirius, ambayo ndiyo nyota angavu kuliko zote usiku na hakuna wa kuikosea, ramani inaiweka pembeni. Wakati mwingine inapishana kwa ngumi nzima ya mkono ulionyooshwa. Kinachonichanganya ni kwamba kosa halilingani: upande mmoja wa anga ni kubwa, upande mwingine dogo. Pili, nikiiinua simu kutazama juu ya utosi, ramani inazunguka kama pia na skrini inajigeuza wima na mlalo yenyewe. Tatu, hata nikiwa na hakika kwamba nimelenga eneo sahihi, maumbo ya nyota kwenye skrini hayafanani na ninayoyaona. Kila kitu kinaonekana kidogo na kimebanana.

GPS nimewasha na programu nimeiruhusu isome mahali. Swali la nyongeza: SkyScout ya zamani ya Celestron, kile kifaa cha mkononi cha kutambulia nyota, bado inafaa kwa kazi hii, au nayo ina ugonjwa huohuo?

Suheli38

Usiguse mpangilio wowote kabla hujalipima kosa lenyewe. Makosa ya vifaa hivi yana sura zake, na sura ndiyo inayomtaja mkosaji. Wengi wanakimbilia kuizungusha simu hewani kwa umbo la namba nane, kumbe dira ni nzima na saa ndiyo mbovu.

Ili kijue kinatazama wapi, kifaa kinahitaji vitu vitatu: mahali, saa, na jinsi chenyewe kilivyoelekezwa. Mahali ndipo penye shaka ndogo zaidi. Ili nyota isogee digrii 1 lazima ukosee kama kilomita 111, kwa hiyo GPS iliyokosea mita mia tano haina madhara yoyote hapa. Hatari ipo unapoandika mahali kwa mkono. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, programu inakupa anga ya upande wa pili wa dunia. Ukiisahau kwenye longitudo, unapata anga ya saa nyingine kabisa.

Saa ina nguvu zaidi. Anga inazunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Saa iliyopotoka dakika 2 inasogeza nyota nusu digrii, upana wa mwezi mpevu, na hutaliona kosa hilo kwenye simu. Kanda ya saa iliyokosewa kwa saa moja inasogeza digrii 15, na hilo kila mtu ataliona. Na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, kwenye kifaa kinachotaka uandike saa mwenyewe, saa mbili usiku ni 20:00. Ukiandika 2:00 umekosea saa 18, na anga yote itakuwa ngeni. Kwenye Sky Map hakikisha pia kwamba hujaiacha katika hali ya kusafiri wakati. Inabaki kwenye tarehe uliyoichagua mpaka uitoe.

Cha tatu ni mwelekeo wa simu. Akselerometa inapima mvuto wa dunia na kusema simu imeinuka kiasi gani. Hiyo kwa kawaida inakosea digrii 1 au 2 tu, mradi mkono umetulia. Dira ndiyo inayosema umeelekea upande gani, na ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Hata ikiwa nzima na imepimwa vizuri, usishangae ikikosea digrii 3 hadi 5.

Sasa kipimo. Nyoosha mkono: kidole kidogo kinafunika kama digrii 1, vidole vitatu vya katikati vikishikamana ni 5, ngumi ni 10, shubiri ni kati ya 20 na 25. Chagua nyota nne unazozijua, moja kaskazini, moja mashariki, moja kusini, moja magharibi, zote zikiwa na kimo cha digrii 15 hadi 30 juu ya upeo wa macho. Usichague za juu zaidi, kwa sababu kosa la dira hupungua machoni kadiri unavyopanda: dira iliyopotoka digrii 10 inaonekana kama digrii 5 tu kwa nyota yenye kimo cha 60. Huenda hiyo ni sehemu ya kile kinachokuchanganya. Kwa kila nyota andika ramani inaiweka kulia au kushoto kwa digrii ngapi, na juu au chini kwa digrii ngapi.

Ukipata kosa la kulia lilelile pande zote nne huku kimo kikiwa sahihi, tatizo ni tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Ukipata kosa linalobadilika kadiri unavyogeuka, kuna sumaku au chuma kinachosafiri pamoja na simu. Ukipata nyota za mashariki ziko juu mno kwenye ramani na za magharibi ziko chini mno, saa imetangulia au longitudo imesogezwa mashariki. Kinyume chake, saa imechelewa. Na kama kosa linahama ukiwa umesimama palepale na kulenga nyota ileile, basi vitambuzi vyenyewe havijatulia.

Lete namba.

fundi_dira

Naongezea upande wa sumaku, maana watu wanaudharau.

Nguvu ya sumaku ya dunia ni ndogo sana: kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea mahali. Na dira haitumii yote, inatumia sehemu ya mlalo tu, ile inayolala sambamba na ardhi. Chukua mahali ambapo sehemu ya mlalo ni mikrotesla 30. Kitu kinachoongeza mikrotesla 3 tu kutoka pembeni kinapotosha dira karibu digrii 6. Mahali ambapo sehemu ya mlalo ni 18, kitu hichohicho kinapotosha zaidi ya digrii 9. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliye karibu na ncha ya dunia haulingani na wa mtu aliye karibu na ikweta, ingawa wote wana simu ya aina moja.

Washukiwa wa kawaida: kava ya simu yenye kifungio cha sumaku, pete ya sumaku ya kushikia simu kwenye gari, spika ndogo, visikizi vya masikioni ndani ya kikasha chake, simu ya pili mfukoni, saa yenye mkanda wa chuma cha pua wa aina inayovutwa na sumaku. Halafu vilivyosimama: gari, lango, uzio wa chuma, paa la bati, na nondo ndani ya zege. Sakafu ya zege la ghorofani ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usiiweke simu sakafuni wala kwenye ukuta mfupi. Ishike usawa wa kifua au juu zaidi. Alumini haivuti dira, basi stendi ya alumini haina neno, lakini skrubu na kibano chake huenda ni vya chuma.

Kusawazisha dira: toa kava, ondoka mita kadhaa kutoka kwenye chuma, kisha chora namba nane hewani kwa sekunde 10 hadi 15 huku ukipindua kifundo cha mkono ili simu itazame juu, chini, na pembeni. Kuizungusha ikiwa bapa tu haitoshi. Kinachotafutwa ni simu kuona nguvu ya sumaku ikitoka pande zote ili iweze kutoa hesabu ya sumaku iliyomo ndani yake yenyewe.

Kisha hakiki, hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Fungua programu yoyote inayoonyesha jumla ya nguvu ya sumaku, au ule ukurasa wa Sky Map unaoonyesha hali ya vitambuzi. Geuza simu polepole huku na huku ukiwa umesimama palepale. Jumla inapaswa kubaki karibu ileile, tuseme 34, 35, 33. Ikiwa inapanda kutoka 30 hadi 70 unapoigeuza, usawazishaji haujashika au kuna sumaku imegandamana na simu. Ikiwa inabadilika unapotembea hatua tatu bila kuigeuza, chuma kipo chini au kando yako, na hakuna namba nane itakayokuokoa hapo. Hama.

UpeoWaMacho

Shukrani. Nimepima kama alivyosema Suheli38, nyota nne, kimo kati ya 20 na 30, kava ikiwa juu ya simu kama kawaida. Namba ni za ngumi na vidole, kwa hiyo zichukueni kwa makadirio:

Kaskazini, ramani inaweka nyota kulia digrii 2. Mashariki, kulia 14. Kusini, kulia 2. Magharibi, kushoto 10. Juu na chini hakuna tofauti ninayoweza kuipima.

Kava ni ya kufunika kama daftari, ina kifungio.

Suheli38

Namba safi hizo. Kimo kiko sawa mashariki na magharibi, kwa hiyo saa na mahali vimeachiwa huru. Hapa ni dira peke yake.

Chukua kulia kuwa kujumlisha na kushoto kuwa kutoa: 2, 14, 2, kutoa 10. Wastani wake ni 2. Toa hiyo 2 kwenye kila namba, inabaki 0, 12, 0, kutoa 12. Yaani makosa mawili yamepandana. Lile la wastani, digrii 2, ni la kudumu kila upande. Lile linalopanda hadi 12 upande mmoja na kushuka hadi 12 upande wa pili ni la sumaku iliyofungwa kwenye simu: simu inapogeuka, sumaku hiyo inageuka nayo, wakati ile ya dunia imebaki palepale. Kwa hiyo ukielekea pande mbili, sumaku hizo zinakuwa kwenye mstari mmoja na kosa halionekani; ukielekea pande nyingine mbili, ya simu inaivuta dira kando. Ndiyo sababu ulipolenga nyota ukaona upande mmoja mzima na mwingine mbovu.

Kifungio cha kava ndicho. Kitoe, sawazisha upya alivyoeleza fundi_dira, pima tena. Usisawazishe kava ikiwa imefunguliwa halafu uitumie imekunjwa nyuma, kwa sababu kifungio kimehama na hesabu yote imeharibika.

Hiyo digrii 2 inayobaki, tazama mpangilio wa kurekebisha kaskazini ya sumaku. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi hutegemea mahali, na inabadilika polepole mwaka hadi mwaka, ndiyo maana modeli ya sumaku ya dunia hutolewa upya kila miaka 5. Ya karibuni ni WMM2025. Simu isiyosasishwa muda mrefu inatumia modeli ya zamani, ingawa kwa sehemu nyingi hilo ni kosa la chini ya digrii moja. Ukiwasha mpangilio huo na kosa likafutika, vizuri. Ukiona limeongezeka, ulikuwa umewashwa tayari katika sehemu nyingine na sasa unasahihisha mara mbili. Ila kwa ukweli digrii 2 iko ndani ya makadirio ya vidole. Nisingeihangaikia.

fundi_dira

Kuhusu ramani kuzunguka juu ya utosi: hiyo haihusiani na sumaku. Ni jiometri.

Ukielekea upeo wa macho, "upande gani" ni swali lenye jibu moja. Ukielekea juu kabisa, pande zote zimekutana kwenye nukta moja na swali halina jibu. Kwenye kimo cha digrii 85, mkono ukitikisika digrii 1 tu kwenda kando, mwelekeo unaruka zaidi ya digrii 11. Ramani inazunguka, lakini ukitazama katikati ya skrini utakuta nyota iliyopo hapo haijahama sana. Kwa hiyo amini kitovu, puuza kuzunguka.

Skrini kujigeuza wima na mlalo ni jambo la pili. Simu ikilala bapa, akselerometa haijui tena upande upi wa skrini ni juu, kwa hiyo inabahatisha. Zima kujizungusha kwa skrini kwenye mipangilio ya simu kabla ya kutoka nje.

Na kama jairoskopu ya simu ni ya hali ya chini, ramani inaweza kuelea polepole huku mkono umetulia. Sky Map ina kisanduku cha kuizima. Ukiizima, programu inarudi kutumia akselerometa na dira pekee: haielei, lakini inatetemeka. Hapo unaongeza kiwango cha kutuliza mtikisiko, na unakubali kungoja sekunde 2 au 3 kila unapohamisha simu. Simu isiyo na jairoskopu kabisa ndivyo inavyofanya kazi siku zote. Simu isiyo na dira ndiyo yenye shida kubwa, maana ramani inafuata kupanda na kushuka lakini haijui kaskazini iko wapi. Angalia ukurasa wa vitambuzi kwanza kabla ya kuilaumu programu.

Kilimia_7

Nitasema kitu ambacho wenzangu hapo juu hawatakipenda: mkiwa na nyota moja tu mnayoijua kwa uhakika, dira haina umuhimu wowote. Zima hali ya kufuata mwendo, vuta ramani kwa kidole mpaka nyota ile ikae katikati, na anzia hapo. Programu nyingine zinakuruhusu hata kuvuta ramani huku jairoskopu ikiendelea kufuata, ukalinganisha kwa nyota moja na kutazama zilizo jirani nayo kwa usahihi wa digrii 1 au 2. Rudia ulinganisho kila unapohamia upande mwingine wa anga.

Sasa tatizo la tatu, la kila kitu kuonekana kidogo. Hilo ni la kipimo cha ramani, na nadhani ndilo linalowakatisha watu tamaa kuliko dira. Simu yenye skrini ya sentimita 15 kwa 7, ukiishika sentimita 30 kutoka machoni, inafunika anga ya digrii 28 kwa 13 hivi. Programu ikifunguka huwa inaonyesha digrii 50 au 60 au zaidi upande mrefu. Maana yake umbali kati ya nyota kwenye skrini ni nusu ya ule wa angani au chini yake, na jicho linakataa kuulinganisha. Kuza ramani mpaka upande mrefu uonyeshe karibu digrii 28. Kama programu haiandiki digrii, tumia mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizopangana za Orion: kutoka ya kwanza hadi ya tatu ni digrii 2.7. Inua simu kando ya mkanda halisi na kuza mpaka urefu wa kwenye skrini ulingane na wa angani. Ukishapata kipimo hicho usikiguse.

Kitu cha pili kinachobananisha ramani ni wingi wa nyota. Macho ya kawaida penye giza kamili yanafika uangavu wa 6 au 6.5 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), na kwa 6.5 anga nzima ina nyota kama 9,000, nusu yake ikiwa chini ya upeo wa macho. Penye taa za mji unaweza kuishia kwenye 3 au 4. Kama programu yako ina kikomo cha uangavu, kiweke kwenye kile unachokiona kweli. Kukiacha 8 ni sawa na kutafuta mtu kwa picha ya umati. Zima pia michoro ya wanyama na mashujaa, acha mistari tu.

Halafu usilenge nyota hafifu moja kwa moja. Kifaa chenye kosa la digrii 4 hakiwezi kukuambia ni ipi kati ya nukta tano zilizo karibu. Kiache kikupeleke kwenye nyota angavu ya jirani, kisha tembea kwa macho. Mfano ni huohuo mkanda wa Jabari, ambao uko karibu juu ya ikweta ya anga na kwa hiyo unaonekana karibu kila sehemu ya dunia inayokaliwa na watu. Endeleza mstari wake upande mmoja kama digrii 23, yaani shubiri moja, na unaiangukia Shira. Endeleza upande wa pili digrii 23 na uko kwenye Dabarani, nyota ya rangi ya chungwa. Endelea mbele digrii 14 zaidi, ngumi moja na nusu, na hicho ni Kilimia. Kutoka Shira kwenda kusini digrii 36 ni Suheli, ya pili kwa mwangaza usiku. Mwendo wote huo kifaa kimetumika mara moja tu.

Ukikuta "nyota" angavu ambayo ramani haina, angalia kama sayari zimezimwa kwenye mipangilio ya tabaka. Zuhura na Mshtarii ndizo zinazowadanganya wengi. Ikiwa inasogea kati ya nyota nyingine ndani ya dakika moja, ni ndege au setilaiti.

Mwisho, skrini. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kufikia uwezo wake, na skrini nyeupe ya sekunde chache inakurudisha nyuma. Hali ya usiku ya programu inafanya ramani kuwa nyekundu, lakini haigusi arifa, kibodi, wala upau wa juu. Zima arifa. Skrini za LCD zinavuja mwanga hata penye weusi, kwa sababu taa ya nyuma inawaka muda wote. Za OLED hazivuji. Kwa LCD, karatasi nyembamba nyekundu ya plastiki juu ya skrini inafanya kazi kuliko mpangilio wowote, ikibidi weka mbili.

fundi_dira

@Kilimia_7 sibishi, ila ushauri wako unamtaka mtu awe na nyota moja anayoijua. Asiye na hata moja anahitaji dira imfikishe ndani ya digrii 10 kwanza. Baada ya hapo, ndiyo, izime.

betri_mbili

Nijibu la SkyScout. Ilitoka 2006, na mshindani wake wa kampuni ya Meade, mySky, akafuata 2007. Vyote viwili vilishaacha kutengenezwa. Ndani ni kanuni ileile ya simu: GPS, kitambuzi cha sumaku na kitambuzi cha mvuto. Faida yake ni kwamba unachungulia kupitia tundu na kuiona nyota yenyewe badala ya picha yake, kwa hiyo swali la kipimo cha ramani halipo. Ukitaka kutambua, unalenga na kubonyeza. Ukitaka kutafuta, unachagua jina na mishale inayowaka kandokando ya tundu inakuongoza. Tundu halikuzi kitu, ni dirisha tu, wengine wanadhani ni darubini.

Udhaifu wake wa kwanza ni betri. Inatumia AA mbili, na ganda la betri nyingi ni chuma kinachovutwa na sumaku, tena sentimita chache kutoka kwenye kitambuzi. Ndiyo maana ilitolewa na vifuko vya kukinga betri. Ikiwa unanunua iliyotumika, hakikisha vifuko vipo. Bila hivyo utapata kosa linalobadilika kadiri unavyogeuka, kama lile la kava hapo juu, na litabadilika tena kila unapobadilisha betri.

Wa pili ni GPS baridi. Simu hupata msaada wa mtandao kujua setilaiti ziko wapi. Kifaa cha aina hii hakina mtandao. Data ya setilaiti moja inahitaji kama sekunde 30 za kusikiliza bila kukatika, na orodha kamili ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Baada ya kukaa kabatini miezi mingi, kiwashe nje, mahali pa wazi, kabla giza halijaingia, na kiache kimetulia.

Wa tatu haujulikani sana. GPS ya zamani inahesabu wiki kwa namba inayoishia 1,023 na kurudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, na tena Aprili 2019. Kifaa kisichosasishwa kinaweza kuamini tarehe iliyopungua wiki 1,024, karibu miaka 19.6. Saa ya usiku inabaki sahihi, kwa hiyo mtu hashtuki. Lakini ile sehemu ya mwaka iliyopotea inazungusha anga: nyota zinakaa kama vile saa imetangulia saa 9, digrii 135, na sayari zote ziko mahali pasipo pake. Kwa hiyo jambo la kwanza kutazama kwenye kifaa chochote cha miaka hiyo ni mwaka kwenye skrini. Ukiwa umekosewa na kifaa kinaruhusu kuandika tarehe na mahali kwa mkono, andika. Kisiporuhusu, kiache.

UpeoWaMacho

Matokeo bila kava, baada ya kusawazisha: kaskazini kulia 2, mashariki kulia 3, kusini kulia 2, magharibi kulia 2. Jumla ya sumaku inacheza kati ya 33 na 35 nikigeuza simu. Kipimo cha ramani nimekiweka kwa mkanda wa Jabari. Mpangilio wa kaskazini ya sumaku ulikuwa umezimwa.

Swali moja la mwisho: naweza kuifunga simu kwenye darubini ili inielekeze kwenye vitu hafifu?

Suheli38

Washa huo mpangilio, basi, na umemaliza upande wa dira.

Darubini: kwa kimo ndiyo, kwa upande hapana. Lenzi ya kuchungulia ya darubini kwa kawaida inaonyesha anga ya digrii 1 hivi, darubini ndogo ya kutafutia kama digrii 5 au 6. Dira ya simu yenye kosa la 3 hadi 5 inaweza kukuingiza kwenye ile ndogo kwa bahati, haitakuingiza kwenye lenzi. Tena bomba likiwa la chuma unarudi kulekule ulikotoka. Kimo kipimwe kwa kipimapembe cha dijitali, ambacho kinasoma hadi sehemu ya kumi ya digrii, lakini mara nyingi kina sumaku kwenye kitako chake, basi kisiwe karibu na simu.

Njia ya uhakika ni kuacha vitambuzi na kutumia kamera. Picha ya anga inalinganishwa na orodha ya nyota, na maumbo ya pembe kati ya nyota yanatoa mahali halisi palipolengwa, bila dira wala saa. StarSense Explorer ya Celestron inafanya hivyo kwa kishikizo chenye kioo kilichofungwa kwenye darubini. Bila hiyo, weka simu kwenye stendi, piga picha ya sekunde 10, usizidishe 15 kwa sababu nyota zitaanza kuchora mistari, kisha ipeleke kwenye tovuti ya Astrometry.net. Itakurudishia viwianishi vya kitovu cha picha, yaani anwani yake angani. Picha yenye mti au paa nusu yake mara nyingi inashindwa, kwa hiyo kata sehemu ya anga tupu kabla ya kuituma.